Gari la kuvuta trela zito kutoka Eldoret: pima mzigo kabla ya kuuliza bei

Jamaa zetu wengi wa Pwani wana shughuli Eldoret siku hizi. Yuko anayenunua mitamba ya maziwa kuipeleka Kilifi na Kwale. Yuko anayechukua mahindi kwa magunia. Yuko pia aliyeundisha jiko la magurudumu, nyumba ndogo ya bati yenye friji na meko, akalikokota kutoka harusi hadi maonyesho. Wote hufikia swali moja: ninunue gari gani la foo-wili litakalovuta trela zito bila ya kunimaliza kwa mafuta?

Jawabu la barazani ni fupi: chukua Prado. Lakini Prado ni jina la magari mengi yenye injini tofauti, na anayelitaja huwa hakuuliza trela lina uzito gani wala litapita njia gani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika jambo hili, anayeona mzigo wako ni usufi anaweza kukuuzia gari litakalokuachia deni, au litakaloshindwa kusimama kwenye mteremko. Makala haya yanapanga hesabu kwa utaratibu, ili kila mtu aifanye mwenyewe.

Anza na trela

Wazee wa Eldoret wana kisa cha benki ya kwanza ya mji huo. Husimuliwa kwamba sefu lilianguka kutoka kwenye mkokoteni, likashindikana kunyanyuliwa, basi wakaamua kujenga benki palepale lilipoanguka. Kiwe kweli au chumvi, kisa hicho kina funzo: uzito ndio unaoamua, mengine hufuata.

Kwa hivyo chukua kalamu. Trela la ekseli mbili la kubebea ng'ombe, lililochomelewa kwa chuma cha kawaida, laweza kuwa na kilo 800 likiwa tupu. Mtamba mwenye mimba tumkadirie kilo 450. Mitamba mitatu ni kilo 1,350. Ongeza majani, maji na vifaa, kilo 100. Jumla ni kilo 2,250. Kwa mahindi, magunia 20 ya kilo 90 ni kilo 1,800, na pamoja na trela lenyewe unafika kilo 2,600. Jiko la magurudumu nalo hudanganya macho. Friji, mitungi ya gesi, tangi la maji na mabati ya ndani hujumlika polepole, na mwenyewe hujua siku ya mizani.

Usikisie. Eldoret ni mji wa nafaka, na mizani ya kupimia malori ipo kwenye maghala na viwanda. Omba upimiwe trela likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, ulipe kidogo, uandike namba. Namba hiyo ndiyo itakayokuongoza kwenye yadi ya magari.

Halafu soma uwezo wa gari. Kila gari lina kiwango cha mtengenezaji cha uzito wa trela lisilo na breki zake lenyewe, na kingine cha trela lenye breki. Kwa magari mengi kiwango cha kwanza huishia kilo 750, hata kama cha pili ni kilo 3,000. Pia kuna uzito wa juu wa gari na trela vikiwa pamoja. Viwango hivi vimo kwenye kitabu cha gari au kibati cha mtengenezaji, na hubadilika kulingana na mwaka, injini na soko ambalo gari lilitengenezewa. Kwa hivyo tazama kibati cha gari lile lile unalonunua, hata kama jirani ana gari la jina hilo.

Waingereza, ambao huvuta nyumba za magurudumu kila likizo, hushauriwa na vyama vyao kwamba asiye mzoefu asivute trela linalozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake. Kwa gari la kilo 2,200, hiyo ni kilo 1,870. Ni ushauri wa usalama kwa mwanafunzi, kwa sababu gari jepesi likivuta trela zito huyumbishwa, na mwisho trela ndilo huendesha gari.

Eldoret iko juu, na injini hukosa pumzi

Sisi wa Pwani tumezoea gari kupimwa kutoka Mtwapa hadi Malindi, barabara ya usawa wa bahari. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari. Ukitoka huko kuja Mombasa, takriban kilomita 800, huanzi kwa kuteremka. Unapanda kwanza kupitia Burnt Forest hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kisha unateremka Mau Summit, Sachangwan na Salgaa hadi Nakuru, karibu mita 1,850. Baada ya Gilgil na Naivasha unapanda tena kuelekea Limuru, juu ya mita 2,200. Ukishapita Nairobi ndipo safari inakuwa ya kushuka hadi baharini.

Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, yaani kile kipulizi kinachoisukumia hewa kwa nguvu, hupoteza kama asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Eldoret imepoteza karibu moja ya tano. Timboroa imepoteza zaidi ya robo, na hapo ndipo trela lako lina mlima mbele yake. Injini ya tabo hujaziliza hewa hiyo kwa kiasi kikubwa. Ndiyo sababu gari lililovuta boti vizuri kule Kilifi linaweza kushindwa na mitamba mitatu Burnt Forest, na mwenyewe akamlaumu fundi bure.

Makaburu waliofika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 walipandisha mikokoteni yao kutoka Nakuru kwa maksai, kwenye misitu na matope. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Lami leo imerahisisha mengi, ila mlima ni ule ule.

Dizeli au petroli

Tuchukue Prado, kwa kuwa ndiyo itajwayo zaidi. Prado ya petroli ya lita 2.7 ina nguvu ya kuvuta, ile ambayo mafundi huipima kwa nyutoni-mita, ya 246 hivi, na haina tabo. Prado ya dizeli ya lita 2.8, iliyoanza kutolewa Japani mwaka 2015, ina 450, na ina tabo. Nguvu hiyo ya dizeli hupatikana injini ikizunguka polepole, pale hasa trela linapohitaji. Ya petroli lazima uikanyage hadi ipige kelele ndipo ivute, na kukanyaga ni mafuta.

Mbona basi wengi huagiza ya petroli? Kwa sababu ya ushuru. Kwa magari ya abiria yanayoingizwa Kenya, ushuru wa bidhaa hupanda kiwango injini ya dizeli ikivuka sisi 2,500, au ya petroli ikivuka sisi 3,000. Prado ya petroli ya 2.7 hukaa chini ya mstari huo, ya dizeli ya 2.8 huuvuka. Ongeza kwamba gari lililotumika halikubaliwi kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na utaona kwa nini dizeli nzuri ni ghali pale bandarini.

Dizeli ya kisasa kutoka Japani ina masharti yake. Ina chujio la moshi linalohitaji safari ndefu ili lijisafishe, na Prado ya 2.8 ya Japani hutumia maji ya AdBlue, ambayo lazima uyajaze. Gari likitumika kwa kupeleka watoto shule tu, chujio huziba. Likitumika kuvuta trela njia ndefu, hufanya kazi liliyotengenezewa. Uliza pia kama kuna mtu aliyeling'oa chujio au kulizima AdBlue. Wako wanaofanya hivyo, na mnunuzi ndiye anayebaki na matatizo.

Magari yanayopatikana

Isuzu D-Max ya lita 3.0 ya dizeli ina tabo, na katika masoko kama Australia imeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 trela likiwa na breki. Huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kwa hivyo spea na mafundi wapo Eldoret na Mombasa. D-Max zenye injini ndogo zaidi zinaweza kuwa na kiwango tofauti, usizichanganye.

Toyota Hilux ya 2.8 ni ya daraja hilo hilo, na matoleo yake ya karibuni hufikia kilo 3,500. Ya 2.4 ina tabo pia na hula mafuta kidogo, na kwa trela la tani moja na nusu hadi mbili inatosha watu wengi.

Land Cruiser ya pikapu, ile ya polisi na mashirika, ambayo huunganishwa hapa kwetu Mombasa kwenye kiwanda cha AVA, ina chesi ngumu kuliko zote nilizotaja. Lakini nyingi zilizoko Kenya zina injini ya lita 4.2 isiyo na tabo, yenye nyutoni-mita 285 hivi. Itafika popote, ila Timboroa itafika polepole, na mafuta itakunywa. Ni gari la matope na mawe zaidi kuliko la kuokoa pesa barabarani.

Prado ya dizeli huwekewa kiwango cha hadi kilo 3,000 katika soko la Ulaya. Ni gari la familia na la kazi kwa pamoja, na ukiliuza bei yake haianguki haraka.

Land Rover Discovery ya tatu na ya nne huvuta kilo 3,500 na hutulia barabarani kuliko karibu magari yote. Hata hivyo springi zake za hewa na umeme wake vinahitaji fundi anayezijua na mfuko unaostahimili. Bei yake ya kununua huwa ya kuvutia kwa sababu hiyo hiyo. Rahisi ghali.

Forester, RAV4 na X-Trail ni magari mazuri, lakini mengi huishia kilo 1,500 hadi 2,000, na baadhi chini ya hapo. Kama mzani umekuambia kilo 2,250, usiyaangalie. Kama trela lako ni la kilo 1,000, usijitwike Prado.

Hiyo foo-wili ni ya kazi gani?

Kwenye lami kavu hakuna haja nayo. Magari mengi ya pikapu hayatakiwi kuwekwa foo-wili kwenye lami kavu kabisa, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na gia zikaumia kwenye kona. Kazi yake ni shambani. Uasin Gishu ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Machi hadi karibu Septemba, na njia za Moiben, Ziwa na Kesses hugeuka utelezi. Kulitoa trela lililopakiwa kutoka zizini hadi barabara kuu ndipo foo-wili na gia ya chini hulipa gharama yake. Huku kwetu ni mchanga, na kupandisha boti ufukweni.

Kwa hivyo kama unapakilia mjini na kushushia mjini, fikiria gari la kuvuta magurudumu mawili. Huwa jepesi na rahisi zaidi kununua, na hula mafuta kidogo.

Kuteremka ndiko kunakoua

Mazungumzo mengi ni ya kupanda mlima. Mteremko wa Sachangwan na Salgaa unajulikana nchi nzima kwa magari yaliyoishiwa breki. Gari la tani mbili lenye trela la tani mbili na robo bila breki linasimamisha zaidi ya tani nne kwa breki zilizotengenezwa kwa uzito wake lenyewe na abiria. Breki zikipata moto mwingi hulegea, na mguu unaweza kufika chini bila gari kupungua mwendo.

Matrela mengi ya kuchomelewa mtaani hayana breki. Mwambie fundi akuwekee mfumo wa breki za msukumo, ambapo trela likisukuma gari huwa linajifunga lenyewe. Hiyo ni gharama ya mara moja. Huwezi kuikata ukasema umeokoa pesa.

Njiani, teremsha gia kabla ya kuanza mteremko, gari lishikwe na injini. Usisubiri mwendo uwe mkali. Panga mzigo ili sehemu ya 5 hadi 10 kwa mia ya uzito wa trela ikalie chuma cha kuvutia. Ukiwa mdogo kuliko hivyo trela litayumba, ukizidi utanyanyua magurudumu ya mbele ya gari. Ng'ombe watenganishwe kwa vizuizi wasikimbilie upande mmoja.

Hesabu ya mafuta

Sasa tuhesabu kwa mfano, wewe utie namba zako. Tuseme unafanya safari sita kwa mwaka za Eldoret hadi Mombasa na kurudi. Kuja na mzigo ni kilomita 4,800, kurudi na trela tupu ni 4,800 nyingine. Tuseme gari la dizeli linakwenda kilomita 6 kwa lita likiwa na mzigo na 8 likiwa na trela tupu. Utatumia lita 800 na lita 600, jumla 1,400. Tuseme la petroli linakwenda 4.5 na 6.5. Utatumia takriban lita 1,067 na lita 738, jumla 1,805.

Tofauti ni kama lita 400 kwa mwaka. Zizidishe kwa bei ya EPRA, ambayo hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, ukikumbuka kwamba Mombasa bei huwa chini kuliko Eldoret, kwa hivyo tangi lijazwe huku kabla ya kupanda. Kisha linganisha na tofauti ya bei ya magari mawili. Kwa safari sita, mafuta peke yake yanaweza kuchukua miaka mingi kurudisha pesa za dizeli. Kwa safari ishirini, hesabu inageuka. Lakini usisahau mlima: ikiwa mzigo wako ni tani mbili na zaidi, petroli isiyo na tabo itakupandisha Timboroa kwa kuchosha injini na gia, na gharama hiyo haionekani kwenye risiti ya mafuta.

Kuna akiba nyingine isiyohitaji gari jipya. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upepo unaopambana nao huongezeka kwa asilimia 56. Trela refu la boksi, kama lile jiko la magurudumu, ndilo linaloumia zaidi. Tembea 80. Safari itakuwa ndefu kwa saa mbili tatu, basi lala njiani, wewe na wanyama mpumzike.

Kununua au kukodi

Hapa ndipo jamaa wengi hawapendi kusikia. Kama una safari mbili au tatu kwa mwaka, kodi kanta. Lori la tani tatu lenye dereva anayeijua njia hubeba mzigo wote bila trela, na halikukai nyumbani likidai bima na tairi. Gari la kuvuta lina maana pale unapolihitaji kila wiki, au pale mzigo wenyewe ni trela, kama jiko la magurudumu au boti, ambavyo haviingii kwenye lori.

Nimewaona watu wakichukua mkopo wa gari kubwa kwa biashara ya ng'ombe watano kwa mwaka. Faida ya ng'ombe ililipa riba, na familia ikabaki inatazama gari uani.

Kabla ya kulipa

Mpe fundi asiyejuana na muuzaji akague chini ya gari. Atazame chesi kama imechomelewa, na kama pale chuma cha kuvutia kilipofungwa pamepasuka. Ajaribu klachi au gia otomatiki gari likiwa moto, na aangalie rejeta. Gari lijaribiwe kwenye mlima wa kweli, na trela lililopakiwa ikiwezekana.

Trela nalo lisajiliwe. Nchini Kenya lina namba yake, inayoanza na herufi Z, na hati yake. Thibitisha na NTSA kwamba daraja la leseni yako linakuruhusu kuvuta uzito huo, na mwambie wakala wa bima kwa maandishi kwamba gari litavuta trela, ili siku ya ajali asikuambie hakujua. Anayesafirisha mifugo achukue kibali kwa afisa wa mifugo kabla ya kupakia.

Taa za trela ziwake zote, mnyororo wa usalama ufungwe, tairi la akiba liwe la trela lenyewe. La gari mara nyingi haliingii. Halafu rudi mizanini mara moja zaidi, trela likiwa limepakiwa, kabla hujalivuta kuelekea Burnt Forest.